Namba Niliyoigonga kwa Mkono Wangu

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili nimepewa na Muuguzi wa chumba cha mashine. Amelichora safu tatu kwa rula: uzito, presha, maji. "Andika kila siku, Mzee, na usinidanganye," akasema. Sijui aliniona usoni nina nini. Basi: uzito kilo 71 na nusu, presha 160 kwa 90, maji vikombe vitatu. Vikombe vitatu ndio mgao wangu wa siku nzima, chai na mchuzi humo humo. Na mvua imeanza leo. Inamwagika bure juu ya bati, nami nimekaa dirishani nameza mate.

Pembeni mwa zile safu pana nafasi. Nitaandika humo, maana nimezoea kujaza fomu na sipendi kuacha nafasi wazi.

Muuguzi akipekua atataka kujua hawa wanaonileta ni akina nani, kwa kuwa kila siku naletwa na gari jingine na yote yana umri wa kustaafu. Ni wenzangu wa chama chetu cha magari ya zamani. Figo zilipogoma na daktari akaniandikia kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, binti yangu alichanganyikiwa, kwani anafundisha na hawezi kuacha darasa kila mara. Katibu wa chama, mwalimu mkuu mstaafu, akachora ratiba kama ya kufagia shule: Jumatatu yeye, Jumatano Ganda, Ijumaa Bi Kabureta. Mimi ni mkaguzi mkuu wa chama, huu mwaka wa kumi na tisa. Kazini nako nilikuwa nakagua mizani ya wenye maduka, miaka thelathini na mmoja, na sikupokea hata kilo ya sukari ya mtu.

Jumatano, 6 Machi

Uzito 72. Maji vitatu na nusu. Hiyo nusu nilikuwa nasukutua, ikateremka yenyewe.

Zamu ya Ganda. Huyu hushona viti vya magari, na sidhani kama kuna kiti katika chama kizima ambacho hakijapita mikononi mwake. Alifika saa moja kasorobo, si dakika mbele wala nyuma. Gari lake huwaka kwa mguso mmoja. Ila linavuja. Raba ya kioo cha mbele ni ile ile ya kiwandani, imekauka, na maji yanadondokea upande wa abiria. Ameweka kopo la siagi sakafuni, katikati ya miguu yangu. Tok, tok, tok, njia nzima. Kwa mtu wa vikombe vitatu hayo ni mateso.

"Si ubadilishe raba?" nikamwambia.

"Ni ya asili," akajibu. "Mwenyewe uliisifu."

Ni kweli niliisifu, tena kwa maandishi. Tukaendelea na safari.

Ijumaa, 8 Machi

Kilo 71. Vikombe vitatu.

Bi Kabureta alikuwa mfamasia. Sasa amestaafu, anasikiliza injini kwa bomba la mpira sikioni, na hakuna kabureta iliyowahi kumshinda. Lakini la kwake lilizima kwenye makutano, katikati ya dimbwi. Nikataka kushuka. "Wewe kaa hapo hapo, shemeji," akanifokea. Ananiita shemeji kwa sababu alikuwa rafiki wa marehemu mke wangu. Wakasukuma: yeye, muuza mikate, na askari wa barabarani na kofia yake. Mimi nilikaa ndani nimepakata mkoba wa Bi Kabureta. Maisha yangu yote nimesukuma magari ya watu. Leo nimekuwa mzigo, na niliona haya hata kumtazama yule muuza mikate, ambaye mikate yake ilikuwa inalowa.

Jumapili, 10 Machi

Mvua. Vitatu. Sina la kuandika.

Jumatatu, 18 Machi

Kilo 73. Presha sitaiandika.

Leo Katibu alinichukua anachekacheka peke yake. Tulipofika kwenye mzunguko akashindwa kujizuia. "Tumekula njama," akasema. "Gari lako halipo nyumbani kwako tangu Jumamosi."

Banda la nyuma sikuwa nimelifungua wiki mbili, nikadhani limeibwa. Kumbe binti yangu amewapa ufunguo, wakalivuta mpaka gereji ya Bi Kabureta. Wanachama wote wamejitolea mikono yao. Watalivunja mpaka mifupa, walijenge upya, na siku ya maonyesho, tarehe 18 Mei, nilione uwanjani. "Rangi, bampa, viti, injini," akahesabu kwa vidole huku usukani ukijiendesha. "Litakuwa kama lilivyotoka kiwandani, Mkaguzi. Wewe ndiye uliyetufundisha maana ya neno hilo."

Nikamwambia sitaki, gari halina ubaya. Akanipiga begani. "Unaona haya kusaidiwa. Tulijua utasema hivyo."

Nimeona haya, ndiyo, lakini si hayo. Sasa nitaandika jambo ambalo sijamwambia mtu, maana nimeshaona Muuguzi husoma zile safu tu.

Miaka kumi na minne iliyopita niliendesha gari langu kutoka safari ya mbali bila kuangalia maji ya rejeta. Mimi, ninayewahubiria wenzangu waangalie maji kila asubuhi! Injini ikachemka, bloku, kile chuma kikuu cha injini, ikapasuka. Nilikuwa tayari mkaguzi mkuu. Nikanunua bloku nyingine ya aina ile ile kwa wauza vyuma chakavu, mji wa mbali wasikonijua, nikaileta imefunikwa gunia. Mke wangu alipokwenda sokoni nikashika tupa, nikaifuta namba yake, nikachukua nyundo na namba za chuma nikagonga namba ya bloku ya kwanza, tarakimu moja baada ya nyingine. Saba zote. Asiyejua hataona kitu. Anayejua ataona mara moja, kwa sababu kiwanda huacha mistari myembamba kwenye bloku kama nywele zilizochanwa, na pale penye tupa yangu pamekuwa laini kama upara.

Tangu siku ile kila mwaka nimekagua injini za wenzangu kwa tochi na kioo cha kukuzia. La kwangu hukaguliwa na msaidizi, na msaidizi huniogopa, hufungua boneti na kuifunga.

Jumatano, 20 Machi

Vikombe vinne.

Ganda hakuzungumza sana leo. Hazungumzi sana siku yoyote. Nilimtazama shingo yake akiendesha, nikakumbuka jina lile lilikotoka, kwani lilitoka mdomoni mwangu.

Ilikuwa maonyesho ya miaka kumi na moja iliyopita. Gari lake lilikuwa limenyooka kuliko yote uwanjani. Lakini kwenye fomu alikuwa ameandika mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri wa fundi cherehani, "Injini imebadilishwa, si ya gari hili." Hakuna aliyemuuliza, aliandika tu kwa sababu fomu ilikuwa na nafasi hiyo. Nililisoma neno lile mara mbili. Nikahisi kama ananinyooshea kidole. Nikapanda jukwaani, nikasema kwa kipaza sauti, "Hili si gari. Hili ni ganda. Liondolewe kwenye mashindano." Watu wakacheka. Jioni ile walikuwa wameshaanza kumwita Ganda, na siku hizi hata mkewe humwita hivyo, kwa mapenzi. Hajashindana tena. Viti vyetu ameendelea kuvishona.

Jumatatu, 25 Machi

Kilo 73. Bampa zimeng'olewa, Katibu anasema. Rangi imekwanguliwa upande mmoja.

Jumatano, 3 Aprili

Milango imeng'olewa. Kopo la Ganda lilijaa mara tatu njiani. Kila likijaa hunipa ishara kwa kidevu, namimina nje.

Ijumaa, 5 Aprili

Nilimwambia Bi Kabureta, kwa sauti ya kawaida kabisa niliyoifanyia mazoezi bafuni, kwamba injini wasiiguse. Haina tatizo, mafuta ni mapya, waiache ilivyo.

"Inatoa mafuta kwenye gasketi kama bomba la manispaa," akasema. "Shemeji, hebu mara moja tu maishani mwako acha watu wakufanyie kitu."

Nikasema chama kina kanuni, kazi ya injini inahitaji idhini ya mwenye gari kwa maandishi. Akacheka mpaka akapaliwa. "Jamani, huyu ana wivu na gari lake kama bwana harusi!" Nimejitia kucheka nami. Nimerudi nyumbani. Nimekunywa vikombe vitano, na hapa kwenye safu ya maji nimeandika vitatu.

Jumanne, 16 Aprili. Wodini.

Nimeruhusiwa kukaa. Nitaandika yote kwa mpangilio.

Ijumaa Bi Kabureta alinipa habari kwa furaha: injini imetoka, inaning'inia kwenye mnyororo, kesho itasuguliwa mpaka ing'ae. Niliporudi nyumbani nilijaribu kumpigia Katibu simu nimwambie ukweli. Ikaita, nikakata. Nikajaribu tena, nikakata. Kisha nikafungua sanduku langu la spana chini ya kitanda. Humo, kati ya spana za kumi na saba na kumi na tisa, nimekuwa nikificha chupa ya maji ya lita moja na nusu. Naijaza binti yangu akiwa kazini. Niliimaliza, nikaijaza, nikaimaliza tena Jumamosi asubuhi. Mzee wa miaka sabini na tatu anajificha na maji kama mlevi.

Jumamosi mchana pumzi ilikata. Nilikuwa kama mtu aliyezamishwa akiwa amekaa kwenye kiti chake. Binti yangu akampigia Bi Kabureta kwa kuwa ndiye wa karibu. Alikuja moja kwa moja kutoka kwenye injini yangu, grisi mpaka viwiko, akaninyanyua mabega nipate hewa. Na mimi nilifanya nini? Badala ya kuomba hewa nilikuwa namtazama usoni nikitafuta kama ameiona namba. Mwanamke anahangaika nisife, mimi namkagua. Katika yote niliyoyafanya mwezi huu hilo ndilo linaloniuma kuliko chupa.

Maji yalikuwa yamejaa mapafuni. Walinifunga mashine hapo hapo. Leo Muuguzi amekuja na daftari hili mkononi, akasimama miguuni pa kitanda. "Mzee, daftari linasema vikombe vitatu. Mapafu yanasema lita tatu. Nimwamini nani?"

Nilifunga maduka ya watu kwa mizani iliyopungua nusu kilo. Nikamjibu aamini mapafu. Akanipa kalamu nisahihishe, nami nikasahihisha, siku kumi na moja, kila moja nikaweka na saini kama ilivyo kanuni.

Jumatano, 17 Aprili

Bado wodini. Katibu na wengine sita wamekuja kunitazama. Nimewachunguza mmoja mmoja. Wote wameniletea nyuso zile zile.

Binti yangu amelipata sanduku la spana. Hakunigombeza. Ameiosha chupa, ameipeleka kazini kwake kuwekea chaki.

Jumatano, 24 Aprili

Kilo 71. Vikombe vitatu, vya kweli.

Ganda alinichukua. Tulifika mapema, mvua ilikuwa ya kukata macho, akazima gari nje ya mlango wa hospitali tukakaa. Kopo linadondokewa. Akasema, bila kunigeukia, "Jumamosi ile Bi Kabureta alipokimbilia kwako, injini niliisugua mimi. Niliwaambia wenzangu waniachie."

Nikashika kitasa cha mlango.

"Pale penye namba nimepaka grisi. Nzito. Hakuna aliyeona."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi, si hilo. Nikamuuliza ameiona lini.

"Mara ya kwanza?" Akafikiri kidogo, kama mtu anayetafuta tarehe ya kuzaliwa ya mtoto. "Miaka kumi na moja. Ulinipa nikushonee kitambaa cha ndani ya boneti, wiki mbili kabla ya maonyesho. Umesahau? Nilikuwa na boneti wazi siku nzima."

Nilikuwa nimesahau. Naapa nilikuwa nimesahau kabisa. Kumbe siku nilipopanda jukwaani na kipaza sauti, yeye alikuwa anajua.

"Ukanyamaza," nikasema. "Mbele ya watu wote wale."

"Nilishafungua mdomo." Akafuta ukungu kwenye kioo kwa kiganja. "Nikamwona shemeji, mkeo. Alikaa mstari wa mbele na kitambaa kichwani. Walikuwa wamemruhusu kutoka hospitali siku ile moja tu, aje akuone. Alikuwa anakupigia makofi. Nikasema, basi, nitangoja apone. Hakupona. Baada ya mazishi ningeanzia wapi?"

Mvua ilipiga juu ya gari, na nilishukuru kwa kelele yake. Mwishowe nikasema neno la kijinga kuliko yote niliyowahi kusema. Nikasema, "Kwa hiyo ulinisamehe."

Akageuka kwa mara ya kwanza. "Nani kasema? Mimi nina kinyongo na wewe mpaka hapa," akajigusa chini ya kidevu. "Watoto wangu walikua wakiitwa wana wa Ganda. Shuka, Muuguzi anakungoja."

Akazunguka na mwavuli akanifungulia mlango, akanishika kiwiko mpaka ndani. Sindano zilipoingia sikuzisikia. Nililala kwenye mashine kwa saa nne nimegeukia ukuta, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka mgonjwa wa kitanda cha pili adhani ni maumivu.

Jumapili, 28 Aprili

Vitatu.

Fomu zote za ukaguzi ninazo, kabatini, mwaka kwa mwaka. Leo nimeitoa ile. Nilikuwa nimeshajaza alama za bodi, viti, rangi, vioo na raba kabla sijafika kwenye injini. Kisha kuna mstari mmoja wa wino mwekundu, nimeupiga kwa hasira mpaka karatasi imetoboka.

Nikasoma kanuni, ambazo niliziandika mimi. Injini iliyobadilishwa inapunguza alama kumi. Haimwondoi mtu kwenye mashindano. Kumi tu. Nikajumlisha, nikapunguza kumi, nikajumlisha tena kwa karatasi nyingine. Themanini na nane. Mshindi wa mwaka ule alipata themanini na sita. Kombe lake liko juu ya kabati hilo hilo, lina mikono miwili, na jina lililochongwa ni langu.

Sitamwita tena Ganda humu ndani. Ni Mshona Viti, kama alivyokuwa kabla sijashika kipaza sauti.

Jumatano, 1 Mei

Nimebeba kombe ndani ya mfuko wa taulo zangu za hospitali. Tulipoegesha nikalitoa, nikamwonyesha na fomu, nikamwambia hili ni lako, lichukue.

Mshona Viti alisoma fomu taratibu, mstari kwa mstari, midomo ikichezacheza. Kisha akalirudisha kombe kwenye taulo, akalifunika vizuri. "Ulininyang'anya mbele ya watu," akasema. "Ndiyo unirudishie humu, vioo vimefungwa?"

Ijumaa, 3 Mei

Vitatu. Sijasema.

Jumatatu, 6 Mei

Vitatu. Sijasema. Katibu amenisomea hotuba atakayoitoa kwa heshima yangu. Ina neno uaminifu mara sita, nimehesabu.

Ijumaa, 10 Mei

Sijasema. Bi Kabureta anasema rangi imekauka, wanang'arisha. Ameuliza kwa nini sifurahi. Nimemwambia ni dawa.

Jumatatu, 13 Mei

Kilo 70 na nusu. Muuguzi amenisifu. Ningependa asinisifu.

Jumamosi, 18 Mei

Mvua ilipungua ikawa manyunyu. Uwanja ulikuwa tope, wametandaza majani makavu, na hema moja kubwa. Binti yangu alinishika mkono mmoja, Katibu mwingine. Wakavuta turubai.

Sijawahi kuliona gari langu hivyo, hata siku niliyolinunua. Lilikuwa kijani kile kile cha siku zile, na viti vimeshonwa kwa mshono mwembamba usioonekana. Fundi wa taa alikuwa amekesha na taa zake, muuza rangi alikuwa na kijani kwenye kucha. Watu kama arobaini wakawa wananitazama mimi, si gari. Walitaka kuniona nikifurahi. Binti yangu alikuwa analia. Nilitaka nife wakati huo huo, na namaanisha neno hilo kama lilivyo.

Katibu akasoma hotuba. Kwenye uaminifu wa tatu nikainua mkono kama mwanafunzi. Nikasema ukaguzi kwanza. Wakacheka, Mkaguzi habadiliki! Wakanipa kiti, fomu, na kipaza sauti kile kile, kimefungwa utepe wa gundi.

Nikafungua boneti. Nilichukua kitambaa nikafuta grisi, na ilichukua muda kwa sababu mkono wa sindano hauna nguvu, na Mshona Viti hakuwa ameibania. Walidhani naisafisha. Kisha nikawaambia. Nilikuwa nimeandika maneno, lakini karatasi ililowa, nikasema tu: bloku hii niliinunua kwa vyuma chakavu baada ya kuiua ya kwanza kwa kutotia maji, namba hii niliigonga mwenyewe, na nimewadanganya miaka kumi na minne. Nikasoma fomu ya Mshona Viti, alama kwa alama, mpaka themanini na nane. Nikasema yeye aliandika ukweli bila kuulizwa, nami nikamfukuza kwa sababu niliuogopa, na jina nililompa ndilo lililonifaa mimi.

Kuna mtu nyuma alicheka, nadhani alidhani ni mchezo. Bi Kabureta akaja na tochi, akainama, akatazama pale kwa muda mrefu. "Na tupa yenyewe umeipiga vibaya," akasema, akazima tochi akaondoka. Katibu alikunja hotuba yake mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka ikagoma kukunjika.

Nikatoa kombe kwenye mfuko wangu wa taulo. Mshona Viti alitoka kwenye safu ya nyuma na mikono mfukoni, akalipokea, akaligeuza. "Lina vumbi," akasema. Akaenda nalo kwenye gari lake, likawaka kwa mguso mmoja, akaondoka.

Binti yangu alinirudisha mpaka mlangoni. Kisha akauliza, "Mama alijua?"

Nikamwambia ukweli, kwa kuwa leo ilikuwa siku yake. Alikuwa sokoni. Lakini aliporudi tupa ilikuwa mezani na unga wa chuma kwenye sahani yangu, akaupangusa, hakuuliza.

Jumapili, 19 Mei

Simu haijaita. Vikombe viwili, sina hamu.

Jumatatu, 20 Mei

Kilo 71.

Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa barazani na mfuko wangu wa taulo. Saa moja kasorobo hakuna mtu. Saa moja hakuna mtu. Mvua imerudi yote. Binti yangu akatoka amevaa kwa kazi. "Baba, nikuitie teksi?" Nikamwambia ngoja kidogo. Akangoja nami, amechelewa, hakutaka nimwone anatazama saa.

Saa moja na dakika ishirini Katibu akaingia uani. Hakupiga honi, hakushuka, alifungua mlango wa abiria kutoka ndani. Nikapanda, nikamsalimu, hakuitika. Tukafika mpaka kwenye mzunguko.

"Nimekuja kwa sababu leo ni Jumatatu," akasema. "Usichanganye mambo."

Nikasema sichanganyi.

Mlangoni mwa hospitali akaongeza, akitazama mbele, "Hotuba ile niliinakili mara tatu kwa mkono." Nikamwomba radhi. Akasema nishuke polepole, ngazi zinateleza.

Jumatano, 22 Mei

Kilo 71. Presha 140 kwa 85. Maji vikombe viwili na nusu.

Mshona Viti alifika saa moja kasorobo. Nilipoingia nikatazama chini niweke miguu mahali pake, na kopo la siagi halikuwepo. Palikuwa na kombe. Alikuwa amelikaza kati ya vipande viwili vya sponji vya viti vyake, wima kabisa, na maji yalishafika nusu. Sauti yake si tok. Inalia kama kengele ya mwenye baiskeli.

Nililigusa kwa ncha ya kiatu.

"Ndilo lile?" nikauliza, ingawa jina langu lilikuwa linanitazama.

"Ndilo. Linashika vikombe vitatu, nimepima." Akabadilisha gia. "Likijaa, mwaga nje. Usinywe."

Lilijaa mara mbili kabla hatujafika. Mara zote mbili sikungoja anipe ishara, nikafungua kioo nikamwaga, nikalirudisha wima mahali pake.